Kompyuta ya Dukani au ya Kuunganisha Mwenyewe: Hesabu ya Mtu wa Lamu

Maalim alifika dukani kwangu Langoni baada ya sala ya alasiri, kompyuta ameifunga kwa shuka, kijana mmoja wa madrasa yuko nyuma yake amebeba skrini. "Yeo haiwaki kabisa," akaniambia. "Jana umeme ulikatika, uliporudi ikalia mara moja, basi."

Niliifungua mbele yake. Skrubu mbili za nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu hata bisibisi haikuzishika, nikazitoa kwa koleo. Harufu ya kuungua ilitoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Vingine vyote vilikuwa vizima, kama tulivyokuja kuona baadaye. Rafuni nilikuwa na pawa saplai tatu nzuri. Haikuingia hata moja. Kompyuta ya Maalim ilikuwa ya mtumba, ya ofisini, na kampuni kubwa zinazounda kompyuta za namna ile hutumia pawa saplai zenye umbo lao wenyewe na viunganishi vyao wenyewe. Zangu zilikuwa na kiunganishi cha kawaida cha pini 24. Mazabodi yake, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ilitaka cha pini 6. Tukaagiza Nairobi, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Kwa siku tisa madrasa ilikaa bila orodha ya wanafunzi wala karatasi za mtihani.

Juu ya meza hiyohiyo ilikuwepo kompyuta yangu, niliyoiunganisha kwa mikono yangu. Pawa saplai yake ilikufa mwaka uliotangulia, vilevile kwa umeme uliorudi kwa kishindo. Niliitoa nikaweka nyingine kabla ya adhana ya magharibi.

Ningeweza kuishia hapo nikawaambia watu wote waunganishe. Lakini Maalim alinunua yake kwa shilingi 28,000 pamoja na skrini, nami yangu ilinitoka zaidi ya 70,000 bila skrini. Kazi ya Maalim ni kuandika na kuchapa. Yangu ni kuhariri video za harusi na za mashindano ya mashua. Kwa hiyo mtu anaponiuliza anunue iliyo tayari au aunganishe, huwa simjibu mpaka nijue mambo mawili: ataitumia kufanya nini, na siku itakapoharibika kipuri kitatoka wapi. Anayekaa Nairobi, anayeweza kushuka Luthuli Avenue akarudi na kipuri kabla ya chakula cha mchana, halimhusu sana hili la pili. Wa Malindi naye ana nafuu, maana Mombasa iko kilomita 120 hivi kwa lami na kifurushi cha asubuhi humfikia jioni. Sisi tulio ng'ambo ya maji, hilo la pili ndilo linaloamua.

Ya dukani si ya namna moja

Watu husema "ya dukani" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko mpya kabisa, za kwenye sanduku lililofungwa. Ziko za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, ambazo ndizo wengi wetu tunazinunua. Na ziko zile ambazo duka la Nairobi au Mombasa limeziunganisha lenyewe, zenye kioo ubavuni na feni za taa za rangi.

Mpya nitaipita haraka. Ni ghali kwa kile unachopata, mara nyingi RAM yake, memori ya kufanyia kazi, ni ndogo, na kitu kikubwa unachokilipia ni waranti. Ikiwa ni ofisi inayotakiwa kuonyesha risiti na waranti, sawa. Mtu binafsi wa hapa kisiwani sioni sababu ya kumpeleka huko.

Ya mtumba ndiyo yenye maneno. Ofisi za Ulaya hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani husafishwa na kuuzwa huku kwetu: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara. Ziliundwa ziwake kutwa nzima mwaka mzima, chuma chake ni kizito, na nyingi hufunguka bila bisibisi. Kwa pesa zilezile huwezi kuunganisha kitu kitakachoishinda kwa kazi ya kuandika, kuchapa, hesabu za duka na intaneti. Hili nalisema mimi ninayependa kuunganisha.

Ila jifunze kusoma namba. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ya Intel ikiandikwa i5-8500, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi chake. Ikiandikwa i5-7500 ni kizazi cha saba, na ikiandikwa i5-12400 ni cha kumi na mbili. Kwa nini ujali? Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au Ryzen za AMD, mpinzani wa Intel, za kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Isitoshe, i5-7500 ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, na i5-8500 ina sita. Kwa hiyo hatua hiyo moja ya kizazi ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye namba. Za kizazi cha sita na cha saba bado zimejaa madukani na bei yake inavutia kweli. Ukiwa utatumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, chukua bila wasiwasi, zitakutumikia miaka. Ukiwa ni mtu wa Windows, usishuke chini ya nane.

Jambo jingine ni umbo. Ziko tatu: ile ndefu ya kusimama, ile nyembamba ya kulala chini ya skrini, na ile ndogo kabisa, kama kitabu kinene. Nyembamba ndiyo iliyomkuta Maalim. Pawa saplai yake ni ya peke yake, ya wati 180 hadi 250 hivi, na haina nafasi ya kadi kubwa ya grafiki, ile inayoshughulikia picha. Ile ndogo kama kitabu watu huidharau kwa udogo wake, nami naiona ndiyo inayotufaa zaidi hapa. Haina pawa saplai ndani. Inatumia adapta ya nje kama ya laptop, na mara nyingi ni ya laptop za kampuni hiyohiyo. Adapta ikifa, unaomba ya jirani ujaribu, halafu unanunua nyingine hapahapa mjini. Prosesa zake nyingi ni zile za wati 35, kwa hiyo wenye sola kule Shela, Matondoni na Kipungani huiwasha bila kuogopa betri.

Za aina ya tatu, zilizounganishwa na duka, nitazungumzia kwenye kuvuka maji. Hapa nasema moja tu: kabla hujalipa, uliza jina la pawa saplai. Muuzaji atakutajia kadi ya grafiki, atakutajia RAM, atakuwashia taa. Pawa saplai asipoitaja mwenyewe, mwambie afungue akuonyeshe. Nimeona mashine ya zaidi ya laki moja ikiwa na pawa saplai nyepesi kama bati tupu. Ilikufa ndani ya mwaka, na ilipokufa iliondoka na mazabodi.

Pesa, na bei ya RAM iliyotuvuruga

Kompyuta yangu niliiunganisha kwa Ryzen 5 5600G, prosesa ya viini sita yenye grafiki yake ndani, kwa hiyo sikuhitaji kadi ya kando kwa kuanzia. Mazabodi ya soketi ya AM4 (soketi ni tundu linalopokea prosesa), RAM ya aina ya DDR4 vipande viwili vya GB 8, SSD ya kuhifadhia mafaili, pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus ya kutopoteza umeme mwingi, na kasha. Kila kitu nilikichagua mmoja mmoja, na raha ya kuunganisha ndiyo hiyo: pesa inakwenda unakotaka. Mimi niliziweka zaidi kwenye pawa saplai na SSD, nikabana kwenye kasha. Mwingine angefanya vingine.

Siku hizi hesabu hiyo imebadilika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza memori vinapeleka mzigo mkubwa kwenye vituo vya akili bandia, na cha kutuuzia sisi kimepungua. Kampuni ya Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida chini ya jina la Crucial, jina ambalo mafundi wengi tulikuwa tumelizoea. SSD nazo zikafuata kupanda. Anayeunganisha leo anaanza na mzigo huo begani. Anayenunua mtumba anaipata RAM ikiwa tayari ndani, ya DDR4, na wauzaji wengi bado hawajaipandishia bei kwa kiasi hicho. Miaka miwili iliyopita ningemwambia kijana wa video aunganishe bila kusita. Sasa namwambia atafute kwanza mtumba wenye RAM nyingi, alinganishe, ndipo aamue.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana, ya Windows. Kompyuta ya ofisini huja na leseni yake, ufunguo umehifadhiwa ndani ya mazabodi. Ukiweka Windows upya inajitambua yenyewe. Ukiunganisha yako, leseni ni juu yako. Wengi hukimbilia zile programu za kuivunja, na nusu ya kompyuta ninazoletewa zina virusi vilivyoingia kwa mlango huo. Ikiwa hutaki kununua leseni, weka Linux Mint au Ubuntu, ni bure na halali, na kwa kazi ya kuandika na intaneti hutakosa kitu.

Usiku wa kuunganisha

Watu wanaogopa kuunganisha kuliko inavyostahili. Ni kazi ya saa tatu kwa mara ya kwanza, na vifaa vyake ni bisibisi moja ya nyota na mwanga wa kutosha. Lakini ina mahali pake pa kuteleza, na ni vizuri uvijue kabla.

Mafundi wa mtandaoni wanaonya sana juu ya umeme tuli, ule unaochoma kidole ukigusa kitasa. Kwetu hewa ina unyevu mwingi na umeme huo ni wa nadra. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa, inatosha. Adui wa Lamu ni jasho. Usiku wa joto la kaskazi, umeinama juu ya mazabodi, tone linadondoka kutoka kwenye paji la uso kabla hujalihisi. Mimi hujifunga kitambaa kichwani. Feni ya dari naizima, kwa sababu nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na feni hupukutisha unga mweupe unaotua kila mahali.

Prosesa za AM4 zina pini chini yake, zaidi ya elfu moja, nyembamba kuliko sindano. Kuna pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na nyingine kwenye soketi. Ukizikutanisha, prosesa inadondoka mahali pake yenyewe, kwa uzito wake. Ukihisi unalazimika kusukuma, acha, inua, tazama upya. Pini iliyopinda haina waranti popote. Kwenye Intel za sasa na AMD za AM5 pini ziko kwenye mazabodi badala ya prosesa, na hizo ni laini zaidi, hata kidole kinaziharibu.

Kwenye mazabodi ya nafasi nne, RAM vipande viwili huwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa, si zilizopakana. Hili wengi hulikosa. Kompyuta inawaka vizuri, mwenyewe haoni tatizo, kumbe RAM inafanya kazi kwa nusu ya upana wake. Kwa prosesa kama yangu, ambayo grafiki yake inategemea RAM hiyohiyo, tofauti unaiona kwa macho.

Dawa ya joto, ule ute wa kijivu unaowekwa kati ya prosesa na kipoza, ni kiasi cha punje ya mbaazi. Na kabla ya kuingiza chochote kwenye kasha, washa kwanza nje, mazabodi ikiwa juu ya boksi lake la karatasi. Hakuna swichi, kwa hiyo unagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni ikizunguka na skrini ikitoa maandishi, ndipo unahamishia ndani, na hakikisha zile spesa za shaba ziko chini ya mazabodi ili isigusane na bati la kasha.

Rafiki yangu wa Mkomani alinipigia simu usiku wa manane mara moja. Ameunganisha kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Alishakata tamaa na mazabodi. Nilipofika nilitazama juu, pembeni ya prosesa: waya wa pini 8 unaolisha prosesa umeme ulikuwa umejificha nyuma ya kasha, haukuchomekwa. Uliingia, skrini ikawaka, na mama yake aliyekuwa amelala chumba cha pili akaamka kwa kelele zetu. Sijui kompyuta ya dukani iliyowahi kumpa mtu furaha ya namna ile. Na tangu usiku huo haogopi kuifungua. Ikisumbua, anajua kila waya unaenda wapi.

Kuvuka maji

Hapa ndipo ushauri wa watu wa bara unapotupotosha. Wao husema, kama unaogopa, mwambie muuzaji akuunganishie akutumie. Njia ya kuja kwetu ni ndefu, basi lina mtikiso wake, kisha kuna kushusha Mokowe, boti, gati, halafu mkokoteni au punda kwenye vichochoro. Kadi kubwa ya grafiki imening'inia ndani ya kasha kwa skrubu mbili. Kipoza kirefu cha chuma kimekaa juu ya prosesa kama mnara. Nimepokea kasha ambalo kadi ilikuwa imevunja nafasi yake kwenye mazabodi, na mazabodi ikawa haina kazi tena. Duka likasema iliondoka nzima, msafirishaji akasema hakuangusha kitu. Hasara ikabaki kwa mteja.

Vifaa vikija kila kimoja ndani ya boksi lake husafiri salama zaidi, kwa sababu maboksi hayo yaliundwa kuvuka bahari kubwa kuliko hii yetu. Ikiwa lazima ije imeunganishwa, mwambie muuzaji atoe kadi ya grafiki na kipoza kirefu, avifunge kando. Za mtumba za ofisini, hasa ile ndogo, hazina tatizo hili. Ndani hakuna kinachoning'inia. Wakati wa kusi, funga yote kwa nailoni kabla hujashuka gatini, maana manyunyu ya maji ya bahari yanafika hadi kiti cha katikati.

Chumvi na umeme

Tofauti ya nyumba ya mbele ya bahari na ya ndani ya mji ninaiona kwenye skrubu. Kompyuta ya mbele ya bahari hushika kutu mwaka wa pili. Hewa yenye chumvi na unyevu hutua kwenye shaba, na miguu ya vifaa huota kijani. Ukiunganisha, una uhuru wa kuchagua kasha lenye nyavu za kuzuia vumbi unazozitoa ukaziosha. Za mtumba nyingi hazina nyavu, ni matundu tu. Lakini za mtumba zina feni moja au mbili za taratibu, hazivuti hewa nyingi, kwa hiyo uchafu wake ni mdogo. Mashine yenye feni sita na kioo ubavuni inavuta chumvi usiku na mchana.

Kwa zote mbili: iwashe kila siku. Joto lake linakausha unyevu. Kompyuta iliyofungiwa miezi mitatu huoza kuliko inayofanya kazi. Miguu ya RAM ikififia, isugue taratibu kwa ufutio wa penseli, kisha ipanguse kwa spiriti, na mara nyingi hiyo ndiyo dawa ya kompyuta "iliyokufa". Na tafadhali usiiweke kwenye kidaka. Najua kinapendeza, najua ile ndogo inaingia sawasawa. Bwana mmoja aliiweka humo nyuma ya vyombo vya bibi yake, ukuta wa mawe pande tatu, na alipoiona inazima kila saa sita mchana akadhani ni virusi. Niligusa kasha, likaniunguza mkono. Tuliihamishia mezani ikatulia siku hiyohiyo.

Juu ya umeme, anayeunganisha anahitaji kujua jambo ambalo mnunuzi wa ile ndogo hahangaiki nalo sana. Pawa saplai nzuri za siku hizi hurekebisha umeme kwa namna inayotaka wimbi safi. UPS, zile betri zinazoshika umeme ukikatika, za bei nafuu hutoa wimbi la mraba. Umeme unakatika, UPS inashika, na kompyuta inazima hata hivyo, mtu anaenda kugombana na aliyemuuzia UPS. Ukiunganisha, nunua UPS yenye nguvu ya ziada, au yenye wimbi safi, na ijaribu dukani kwa kuchomoa waya ukutani mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Kompyuta ndogo ya adapta inakaa muda mrefu kwenye UPS ya kawaida kwa sababu inakula kidogo. Na kama umeme wako ni wa kukatika mara tatu kwa siku na huna UPS, basi usinunue wala usiunganishe ya mezani. Chukua laptop, betri yake ndiyo UPS.

Waranti inavyokuwa huku

Kwenye karatasi, ya dukani inashinda: mlango mmoja, waranti moja, chochote kikifa unarudisha. Ukiunganisha, kila kifaa kina waranti yake, pengine kutoka maduka matatu.

Kwetu mambo hugeuka. Niliwahi kununua kompyuta iliyo tayari kwenye duka moja la Mombasa, ikaanza kuzima mwezi wa pili. Nikapiga simu. Wakaniambia kwa upole kabisa niilete. Nauli ya kwenda na kurudi, kulala, kuibeba, siku mbili bila kazi. Nilipojumlisha nikaona napita bei ya kipuri chenyewe. Waranti nilikuwa nayo, na haikunifaa. Tangu hapo nimekuwa nikiunganisha ya kazi yangu, kwa sababu kipande cha RAM kinarudi Nairobi ndani ya bahasha, na kompyuta inaendelea kwa kipande kimoja kikisubiriwa cha pili.

Hili linahitaji mtu anayejua kipi kimekufa. Kama hujui wala huna fundi wa karibu unayemwamini, uhuru wa kubadilisha vipuri haukusaidii chochote.

Nani achukue ipi

Madrasa, ofisi ya mzee wa mtaa, duka, shule, mama anayeuza nguo mtandaoni, mwanafunzi: mtumba wa ofisini, Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM GB 16 ukiweza, SSD lazima. Iwe ile ndogo ya adapta. Usinunue nyembamba isipokuwa umenunua na pawa saplai ya akiba ukaiweka kabatini.

Kijana wa video, wa ramani za majengo, au anayetaka michezo mizito: linganisha kwanza na mtumba wenye RAM nyingi, na hesabu ikikubali, unganisha. Video za simu na droni nyingi siku hizi ni za HEVC, namna ya kubana video, na Intel zenye grafiki ndani huzifungua kwa wepesi, kwa hiyo i5-12400 itakufaa. Angalia isiwe na herufi F mwishoni, maana hiyo haina grafiki. Ukiwa na nia ya kuongeza kidogokidogo, chagua mazabodi yenye nafasi nne za RAM na pawa saplai kubwa kuliko unavyohitaji leo.

Na kuna njia ya katikati, ambayo wengi wetu hapa tumeanzia. Nunua mtumba ile ndefu ya kusimama, ongeza RAM, weka SSD, kisha chomeka kadi ya grafiki isiyohitaji waya wake wa umeme. Nafasi yake kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75, na ziko kadi zilizoundwa ndani ya kiwango hicho. Kwa nusu ya gharama ya kuunganisha unapata mashine ya kuhariri video za harusi, na mikono yako imeshazoea bisibisi.

Maalim aliporudi mwaka huu kununua ya pili, kwa darasa la wasichana, alichagua ile ndogo. Kabla hajalipa aliniuliza, "Na adapta yake, ukinambia ya laptop, ni hii ninayoiona hapa rafuni?" Nikaichomeka mbele yake, ikawaka. Akaongeza ya akiba, akaifunga kwenye shuka lilelile, tukaipandisha juu ya meza ya madrasa mbali na dirisha la bahari.